Aliyeipa Sinema Mgongo

Ubora wa filme aliupima kwa maganda ya karanga. Jumatatu asubuhi, kabla mfagiaji wa Serkle, klabu ya wafanyakazi wa kampuni, hajashika ufagio, yeye alikuwa ameshafika, mguu mmoja wa suruali umebanwa kwa kibanio cha baisikeli, akipita polepole kati ya mabenchi huku ameinama kama mtu aliyeangusha sindano. Maganda mengi, hiyo ilikuwa filme ya kuchekesha, watu walikula wakicheka. Maganda kidogo, filme ya wastani. Lakini akikuta karanga nzima sakafuni, karanga ambazo hazikufunguliwa, zimemponyoka mtu aliyesahau kwamba ana mkono, hapo alisimama wima na uso ukamng'aa.

"Hii njo filme," alisema. "Batu balisahau kula."

Sisi wa Kapata, kambi ya wachimbaji, tulimwita Mufasiri. Jina la ubatizo alikuwa nalo, lakini hata mke wake alimwita hivyohivyo akimtuma kuni. Nyumba yetu na yake zilishirikiana ukuta mmoja, kama nyumba zote za safu ile zilivyojengwa na kampuni, mbilimbili, kwa hiyo ninayoyasema hapa sikuyasikia kwa watu. Mengine niliyasikia kwa ukuta, na ukuta wa Kapata haukuwahi kuficha kitu.

Kazi yake ilikuwa hii. Filme zilifika kwa treni katika makopo ya bati, zikisema Kifaransa, na wengi wetu Kifaransa chetu kiliishia kwenye bonjour na merci. Jumapili saa tisa, baada ya misa na baada ya kula, madirisha ya Serkle yalizibwa kwa magunia, mashine ikaanza kulia, na Mufasiri akasimama mbele, kando ya kitambaa cheupe, mikro mkononi, akitugeuzia yote kwa Kiswahili chetu. Bila yeye tungeona wazungu wanafungua na kufunga vinywa tu.

Lakini msidhani alikuwa msemaji. Kifaransa alikipata Dilolo, kwenye ofisi ya telegramu ya reli, alikokaa miaka mingi akipokea na kutuma maneno ya watu, na unajua mwenye kutuma telegramu hapotezi neno. Basi naye hakupoteza. Mzungu wa kwenye filme angesema dakika nzima, akipunga mikono, akitoa machozi, na Mufasiri angengoja mpaka amalize, halafu: "Anakatala." Basi. Pakitokea jambo la kutisha zaidi, alimalizia na neno la telegramu: "Mulango inafunguka. Hakuna mutu. Stopu." Ile stopu yake ilikaza tumbo la mtu kuliko muziki wote wa Ulaya. Watoto wa Kapata waliichukua wakacheza nayo barabarani, na mume wangu, ambaye alijiona mtu wa heshima, aliitumia kwangu chumvi ilipozidi.

Nyumbani alikuwa vilevile. "Njaa. Meza. Stopu," tulimsikia. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, wakubwa wa safu walikuja na hotuba, kila mmoja na mifano yake ya Biblia. Mufasiri alisimama mlangoni, akavua kofia, akasema, "Mwanamuke. Muzima. Kelele mingi. Tunafurahi." Mpaka leo yule mtoto, ambaye sasa ana wajukuu, husema hiyo ndiyo hati yake ya kuzaliwa.

Kwa Mungu tu ndipo maneno yalipomjia. Jioni, kupitia ukuta, nilimsikia akisali, na hapo telegramu ilikwisha kabisa. Aliwaombea walio hai, akawaombea wafu mmojammoja kwa majina, wa Dilolo, wa Mutshatsha, wa Kasai, wa Kapata, mpaka ugali wangu ukaiva. Na kuanzia mwaka fulani, mwishoni kabisa mwa orodha ya wafu, aliongeza: "Na ule masera kaloko," yaani yule mtawa mdogo wa filme nitakayoieleza. Nilicheka. Nilidhani mzee anamtania Mungu.

Kuhusu filme alikuwa na elimu yake mwenyewe, na aliifundisha kwa yeyote aliyekaa karibu naye zaidi ya dakika tano. Alisema woga ni wa namna mbili.

"Iko woga ya miguu," alisema. "Simba, bunduki, treni inaanguka. Unaogopa, unakimbia, inaishia pa mulango. Na iko woga ya kichwa. Kikombe uliacha pa meza, unakikuta pa dirisha. Ile inakufuata. Inaingia mu nyumba, inakula na weye, inalala katikati yako na bwana yako."

Filme za woga wa miguu alizitazama akitafuna, kama sisi sote. Za woga wa kichwa alizipenda kupita kiasi, na ndizo alizozifasiri vizuri kuliko zote, na, hapa ndipo mtu anaponiona mwongo, hakuzitazama. Alitupa uso sisi, akaipa sinema mgongo. Alisikiliza Kifaransa kwa masikio, akasoma zile karatasi zilizokuja ndani ya makopo zikieleza hadithi kwa mistari michache bila mwisho wake, na mengine aliyachukua kwenye nyuso zetu. Ukimwuliza, alijibu kwa ukali, "Mwenye kupika anaangalia nyungu ao anaangalia bageni?" Jibu zuri sana. Ukweli ni kwamba alikuwa mwoga. Mtu huyuhuyu aliyewatoa jasho wachimbaji mia tatu, wanaume waliozoea baruti, hakuweza kumwona mwanamke akipanda ngazi peke yake na taa mkononi. Nilimfahamu siku ile kivuli chake mwenyewe, chake mwenyewe, kilipoanguka ukutani kwake, akatoka nje mbio na vyombo vya chakula mkononi.

Sasa nieleze Desemba ya Kapata, maana ndiyo iliyomtia matatani. Desemba ilikuwa majira ya zawadi. Kulikuwa na zawadi ya bustani safi, ya nyumba iliyopakwa chokaa vizuri, ya mtoto mnene, na medali za waliofanya kazi miaka mingi. Wanawake waliacha kusalimiana mpaka mtoto wa mtu apimwe. Mwaka ninaousema, Serkle ikaongeza zawadi mpya, kombe la filme bora ya woga wa kichwa. Filme haina mkono wa kupokea kombe, hilo tulilijua. Basi ikakatwa shauri kwamba kombe litakaa kabatini Serkle, na filme iliyoshinda itarudishwa kutoka Elisabethville na kuonyeshwa Mwaka Mpya mbele ya wageni wote, wazungu wa kampuni, padri na watawa wa misheni wakiwemo.

Zilizobaki zikishindana zilikuwa mbili.

Ya kwanza tuliiita Filme ya Barua. Mkuu wa stesheni mmoja wa Ulaya alipokea kila juma barua ya kumtisha, na mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, lakini hakukumbuka kuiandika. Baada ya filme hiyo makarani wa Kapata walikagua madaftari yao juma zima, na jirani yetu mmoja aliacha kutia sahihi mpaka kapita wake, yaani msimamizi, akamtishia mshahara.

Ya pili ilikuwa Filme ya Bamasera Babili. Masera ndivyo tulivyowaita watawa wa misheni, kwa sababu wao wenyewe walitufundisha tuwaite ma sœur. Watawa wawili walikaa peke yao katika nyumba kubwa. Kila asubuhi yule mkubwa alimwambia mdogo: usiku umetembea tena usingizini, tazama matope haya. Mdogo hakubisha, akafungiwa chumbani. Polepole tukaanza kuona kwamba anayetembea ni mkubwa mwenyewe, wala hajui. Mwisho wake haukuwa na neno lolote la Kifaransa, mlio wa maji tu. Mufasiri alisema, "Maji. Stopu." Mama mmoja akalia kwa sauti. Jumatatu ile, karanga nzima zilijaa kofia.

Ni kweli kwamba wanawake wale hawakuvaa kitambaa cha utawa wala msalaba. Mtu mmoja aliliuliza hilo palepale wakati makopo yanabadilishwa. Mama mmoja wa benchi la tatu akamjibu, "Beko kwabo. Bwana yako analala na kofia ya kazi?" Likaisha hapo. Tena ndilo lililotunogesha. Nani kati yetu aliwahi kumwona masera akiwa kwake?

Watu wakagawanyika. Makarani na watu wa reli walikuwa upande wa Barua, wanawake na wachimbaji upande wa Masera, na mabishano yalifika bombani, sokoni, hata kwenye foleni ya kuwapima watoto. "Barua haiwezi kuniogopesha," alisema muuza karanga wa mlangoni, "mi sijue kusoma." Karani mmoja akamjibu kwamba masera hawawezi kumtisha yeye, maana ni Mprotestanti. Lakini neno lililowashinda wote lilikuwa la mchimbaji mmoja mzee: "Ikiwa hata batu ya Mungu banafanyana vile, nani tutamuamini alale karibu yetu?" Tangu hapo mume wangu aliweka kopo tupu nyuma ya mlango, lilie nikitembea. Miye sijatembea usingizini tangu nizaliwe. Yeye ndiye aliyeliangusha mara mbili.

Mufasiri alikuwa na furaha siku zile ambayo sikuiona kwake tena. Alipita na baisikeli yake na watu wakamwitia "Stopu" kutoka kila ua. Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakufurahi, naye ni Katibu mpya wa Serkle, kijana aliyetoka Elisabethville baada ya filme zote mbili kuonyeshwa, viatu vya rangi mbili, Kifaransa chake kikipitia puani. Aliitaka mikro. Alisema wazi mkutanoni kwamba kazi ile inataka mtu wa masomo, si mzee wa telegramu. Halmashauri ikampa neno la katikati: tungoje Mwaka Mpya. Mufasiri akikosea mbele ya wageni, mikro itabadilisha mkono.

Na mimi ndiye niliyemkamata. Simlaumu mtu.

Nilikuwa nashona misheni, kwa mtawa mmoja mzee wa miwani ya mviringo tuliyemwita Masera wa Kushona, mtu wa mzaha na wa mkono mwepesi. Juma lile tulikuwa tunashona vikofia vya watoto wa mashindano. Akapata barua ya kwao, ndani mna picha ya mwanamke mnene ameegemea baisikeli, kofia yake ina manyoya ya ndege.

"C'est ma sœur," akaniambia.

"Masera?" nikauliza. "Na ile kofia?"

Alicheka mpaka akavua miwani. "Hapana masera, mwanangu. Dada yangu. Mama moja, tata moja."

Sindano iliniingia kidoleni. Nilitazama ile picha, nikaona nyumba kubwa, matope, ngazi, wanawake wawili wasio na kitambaa kichwani. Nilitamani ningekuwa sijui. Lakini jambo ukishalijua utalirudisha wapi? Nilirudi Kapata na vikofia kumi na mbili ambavyo havijamalizwa.

Mufasiri alikuwa uani anajaza upepo tairi.

"Tata Mufasiri, mi niko na neno."

"Sema. Fupi."

"Ma sœur, haiko masera tu. Iko dada pia."

Pampu ikasimama. "Bale babili?"

"Ni dada na mudogo yake, tata. Haina bamasera."

Alifikiri. "Nilisema mara ngapi?"

"Mingi."

Alikaa juu ya kizingiti chake, na nilimwonea huruma, maana alikuwa ameshapigisha pasi shati la Mwaka Mpya na lilining'inia nyuma yake mlangoni. Telegramu, aliniambia baadaye, haina ma sœur. Mtu anayelipia kila neno anaandika jina tu. Miaka yote ile Dilolo neno hilo halikupita mkononi mwake, na alipolikuta kwenye karatasi ya kopo, deux sœurs, alilifasiri kama Mkatoliki yeyote wa Kongo angelifasiri: watawa wawili.

"Katibu anajua?" aliuliza.

"Bado. Hakukuwa hapa."

"Atasikia siku ya bageni. Mikro itaenda." Akaongeza kitu ambacho hakuwahi kukisema juu ya kitu chochote: "Mama jirani, mi naipenda ile mikro."

Njia ilikuwa moja tu, Filme ya Barua ishinde. Basi Mufasiri, baba wa Filme ya Masera, akaanza kutembea safu kwa safu akiisifia Barua. Kapata ilishangaa. Alisimama bombani akawaeleza akina mama ule mwandiko, ile wino, mkono wa mtu unaojitenga na mwenyewe, na alieleza vizuri hivi kwamba ndoo zilifurika. Walikuwa karibu kubadilika. Halafu muuza karanga akamwuliza, "Na masera, tata? Haikuwa kupita ile?" Mzee akafungua kinywa aseme uongo na uongo haukutoka. Akasema, "Masera... ile ni ingine." Akaanza kuisimulia, mlango, miguu mitupu, na kabla hajafika kwenye matope, Barua ilikuwa imekufa. Hivyo ndivyo alivyofanya kila bomba. Upande wa Masera walisema amehongwa na makarani, upande wa makarani wakamwomba asiwasaidie tena.

Tulipiga kura kwa karanga. Vyungu viwili mlangoni pa Serkle, kila mtu karanga moja, na watoto wakasimamiwa ili wasile kura. Chungu cha Masera kilijaa kikamwagika.

Mwaka Mpya ukafika. Wageni walikaa mbele kwenye viti vya kuegemea, wazungu wa kampuni na wake zao, padri, watawa watano, na Masera wa Kushona katikati na pakiti ya karanga mapajani kama mtu yeyote. Miye nilikuwa benchi la nyuma yake. Katibu alisimama kando ya ukuta, amevaa tai ya kipepeo. Magunia yakashushwa, mashine ikalia, na Mufasiri akachukua mikro na kutugeukia, mgongo kwa kitambaa.

"Nyumba," alisema. "Kubwa. Mwanamuke na dada yake."

"Dada ya nani?" sauti ikauliza nyuma.

"Dada yake," Mufasiri alisema. "Mudogo anasema: dada, sikutoka usiku."

"Tata, masera eko wapi?" Huyo alikuwa muuza karanga, nilimjua.

"Tuletee filme yetu," akasema mwingine. "Hii si ile."

"Ni ile," Mufasiri alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Ni dada."

Sasa ilikuwa filme ya dada wawili wanaogombana nyumbani, na hiyo nani hajaiona kwake? Nikasikia kitu ambacho sikutaka kusikia. Maganda. Kwanza benchi moja, halafu mawili, halafu Serkle nzima ikitafuna, kra kra kra. Mufasiri alisikia kabla yangu. Alishika mikro kwa mikono miwili. Kopo la kwanza likaisha, taa ikawashwa ili kubadilisha, na Katibu akaanza kutembea kwenda mbele, taratibu, akinyoosha mikono ya koti.

Masera wa Kushona akanigeukia. "Wanalilia nini?"

Nilifikiri kusema uongo, lakini yeye ndiye aliyenifundisha katekisimu. Nikamwambia yote kwa haraka, ma sœur, karatasi ya kopo, kombe, kura, mikro, kwamba Kapata nzima inajua hawa wawili ni watawa na ndiyo maana hakuna aliyelala. Nilingoja hasira. Mabega yake yakaanza kutikisika. Akawageukia wenzake watawa na kuwaeleza kwa lugha yao, na safu ile nyeupe ikatikisika yote, mmoja akajiziba mdomo kwa rozari. Kisha akajifuta macho, akasimama, na kusema kwa Kiswahili cha misheni kilichosikika mpaka mlangoni:

"Tata Mufasiri. Ule masera mukubwa, usiku anaamuka saa ngapi?"

Mufasiri alimtazama. Alimtazama na Katibu, ambaye alikuwa ameshanyoosha mkono. Kisha akaikaza mikro karibu na kinywa.

"Saa nane," alisema. "Masera mukubwa anaamuka. Taa inazima. Hana kiatu."

"Njo yee," mtu akasema nyuma, kwa raha kabisa, na kopo la pili likaanza.

Sikusikia ganda tena. Katibu alibaki amesimama katikati ya njia mpaka mtu akamvuta koti akae, asizibe. Ilipofika mwisho, Mufasiri alitutazama usoni, akangoja ule mlio, akasema, "Maji. Stopu," na nikaona Masera wa Kushona anavua miwani mara ya pili, safari hii si kwa kucheka. Asubuhi yake nilikwenda na Mufasiri Serkle. Karanga nzima zilikuwa kila mahali, na chini ya viti vya watawa kulikuwa na fungu dogo peke yake. Alichukua moja ya hizo, akaitia mfuko wa shati. Mikro alikaa nayo mpaka alipostaafu.

Baada ya hapo akahamia Mutshatsha kulima. Kulima nini tena, karanga. Miaka ikapita, mume wangu akapata kazi Dilolo, na siku moja ya zile siku za mwisho ambapo kila kituo kilikuwa na watu wakibishana juu ya indepanda, yaani uhuru, treni yetu ilisimama Mutshatsha kuchukua maji. Nikamwona kwenye benchi la stesheni, kikapu cha karanga miguuni, mgongo kwa treni, uso kwa watu. Nilishuka na mtoto mgongoni.

"Mama jirani," alisema. "Umenenepa. Muzuri. Ikala."

Nikakaa. Alinipa karanga, naye akachukua za kwake mkononi. Tulitaja walio hai na waliokufa, na muda ulikuwa mfupi, na wote wawili tulijua tutafika wapi.

"Ile filme," alisema hatimaye, akinigeuzia mgongo. "Mwisho yake. Mi sikuone. Hata siku moja."

"Lakini ulisemaka maji, tata."

"Nilisikia maji. Nilibaona munalia. Nilijua. Mukubwa anamuzamisha mudogo. Sikuweza kugeuka."

Hapo ndipo nilipokumbuka ule ukuta, na sala, na masera kaloko mwishoni mwa wafu. Miaka yote. Sisi tulisema "ile maji" na kufuta macho, na hakuna aliyemweleza, maana nani angemweleza Mufasiri filme? Nilimwambia ageuke. Akakataa. Basi nikausimulia mgongo wake, kama yeye alivyotusimulia, fupi.

"Usiku," nilisema. "Masera mukubwa analala, lakini anatembea. Anatoka mu bustani. Anarudia. Miguu yake ni matope. Anafungua mulango ya mudogo. Anaikala pa kitanda yake. Macho iko wazi, haone. Mudogo anaamuka. Haogope. Anakamata beseni."

Bega lake moja lilisogea.

"Anamunawisha miguu," nilisema. "Moja, na ingine. Anaipanguza na kanzu yake. Anamushika mukono, anamurudisha kulala. Kisha anarudia mu chumba yake na anafunga mulango yeye mwenyewe. Alijua tangu mwanzo, tata. Alikubali kufungwa ili mukubwa asijue."

Treni ilipiga filimbi na watu wakaanza kupanda.

"Hakufa?" Mufasiri aliuliza.

"Hakufa, tata. Eko muzima."

Akageuka mwisho, akanitazama, na sijawahi kuona uso wa mzee uliofurahi vile, ulikuwa umelowa wote. Alitaka kuniaga akanyanyua mkono, na mkono ulikuwa mtupu. Nilitazama chini. Karanga zake zilikuwa zimelala kati ya viatu, zote nzima.